Thomas Midgley na yale aliyoyaacha nyuma



Mwezi wa Novemba mwaka 1944, katika jimbo la Ohio kule Marekani, watu walikusanyika kumzika mhandisi mmoja aliyekuwa na sifa kubwa. Mchungaji alisoma yale maneno yanayojulikana, kwamba hatukuja duniani na kitu, wala hatutatoka na kitu. Kati ya waombolezaji alikuwepo Charles Kettering, aliyekuwa mkubwa wake wa kazi na rafiki yake kwa miaka karibu 30. Baadaye Kettering aliandika kwamba siku ile aliona ingefaa kuongeza neno moja kwa ajili ya marehemu: ni kweli hatuondoki na kitu, lakini tunaweza kuacha nyuma mengi kwa faida ya dunia.

Marehemu huyo aliitwa Thomas Midgley. Wengi wetu hatujawahi kulisikia jina lake, lakini kazi yake ilitufikia. Sisi tuliokua katika miji ya Afrika kabla ya mwaka 2006 tulivuta kwa miaka mingi moshi wa esansi iliyotiwa dawa aliyoivumbua yeye. Na hewa iliyotia baridi ndani ya frigo za zamani ilitoka mikononi mwake pia. Kettering aliamini kwamba rafiki yake ameiachia dunia baraka. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba aliacha pia madhara makubwa, na kuyaondoa kumewagharimu watu wengi kazi ya miaka mingi. Tumeona vema kusimulia maisha yake, kwa sababu hakuwa mtu mwovu, na kwa sababu hiyo habari yake inatugusa zaidi.

Kijana wa mashine

Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 katika mji mdogo wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, akakulia Columbus, Ohio. Baba yake pia alikuwa mvumbuzi, mtu wa matairi ya magari. Mwaka 1911 alimaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Cornell, na mwaka huohuo akamwoa Carrie Reynolds. Tukumbuke jambo moja: alisomea uhandisi wa mashine. Kemia, iliyompa sifa duniani kote, alijifunza mwenyewe akiwa kazini.

Mwaka 1916 aliingia katika maabara ya Kettering mjini Dayton, ambayo baadaye ikawa ya kampuni ya General Motors. Kettering alikuwa tayari mtu mashuhuri. Ndiye aliyetengeneza kifaa cha umeme cha kuwasha gari, wakati ambapo madereva walizoea kuzungusha chuma kwa mkono na wengine kuvunjika mikono. Kijana Midgley alipomaliza kazi yake ya kwanza, aliuliza afanye nini sasa. Alipewa tatizo lililokuwa likiwasumbua watengeneza magari wote, yaani injini kugonga.

Mafundi wa gari wanaujua mlio huo. Esansi ndani ya injini inapaswa kuwaka kwa utaratibu na kuisukuma pistoni. Ikilipuka kabla ya wakati wake au kwa fujo, injini inagonga, nguvu inapotea, na mwishowe vyuma vinaharibika. Kwa sababu hiyo hawakuweza kujenga injini yenye nguvu zaidi. Kila walipojaribu, ilijigonga yenyewe hadi kuharibika.

Jani jekundu na meza ya elementi

Kettering na Midgley walianza na wazo la ajabu. Kuna mmea mdogo wa misituni huko Marekani unaochanua mapema sana, hata theluji ikiwa bado haijaisha, na majani yake ni mekundu upande wa chini. Walijiuliza kama rangi nyekundu huusaidia mmea kupokea joto. Basi, je, esansi ikitiwa rangi nyekundu haitapokea joto mapema na kuwaka vizuri? Midgley alitafuta rangi katika ghala la maabara asiipate. Akachukua iodini, maana nayo hupaka wekundu. Akaimimina, na injini ikaacha kugonga.

Furaha ilikuwa kubwa, lakini alipopata rangi nyekundu za kweli na kuzijaribu, hazikufaa kitu. Kumbe rangi haikuhusika. Iodini yenyewe ndiyo iliyofanya kazi. Wazo lilikuwa la makosa, ila lilimfungulia mlango: kuna kitu ambacho kikiongezwa kidogo tu katika esansi, kinaituliza injini. Iodini ilikuwa ghali na ilikula vyuma. Ilimpasa kutafuta kingine.

Alitafuta miaka mitano. Alijaribu kitu baada ya kitu. Seleni na teluri zilifanya kazi vizuri, lakini harufu yake, inayofanana na ya kitunguu saumu kilichooza, ilishika nguo na mwili, na kuoga hakukusaidia. Mwishowe aliacha kubahatisha, akaanza kufuata jedwali la elementi, lile linalopanga vitu vyote vya asili kwa familia zao. Jedwali lilimwongoza kuelekea vyuma vizito, na tarehe 9 Desemba 1921 alijaribu mchanganyiko wa madini ya risasi uitwao tetraetili ya risasi. Injini ilitulia kabisa. Hata sehemu moja tu katika sehemu zaidi ya elfu moja za esansi ilitosha.

Alichokijua na alichokinyamazia

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana hapa ndipo njia iligawanyika.

Risasi ni sumu. Hilo halikuwa jambo jipya mwaka 1921. Waganga walilijua tangu zamani za Wayunani na Warumi. Midgley mwenyewe alijua. Mwaka 1922 wanasayansi walimwandikia barua wakimwonya kuhusu kitu hicho. Tena ilikuwepo njia nyingine. Yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kuona kwamba pombe ikichanganywa na esansi huzuia injini kugonga. Lakini pombe inaweza kutengenezwa na mkulima yeyote mwenye mahindi au miwa, na hakuna kampuni inayoweza kujiandikishia haki ya kuivumbua. Dawa ya risasi iliweza kuandikishwa, na faida yake ingeingia katika kila lita inayouzwa.

Esansi hiyo iliuzwa mara ya kwanza mjini Dayton mwanzoni mwa Februari 1923. Waliipa jina la Ethyl, na neno risasi halikuonekana katika matangazo. Miezi michache baadaye, katika mashindano makubwa ya magari ya Indianapolis, madereva watatu wa kwanza wote walitumia mafuta hayo. Chama cha wanakemia wa Marekani kilikuwa kimekwisha kumtunukia medali. Lakini katika siku hizohizo za mwanzo wa 1923, Midgley alikuwa mgonjwa. Mapafu yake yalikuwa yamedhurika kwa risasi aliyoishika kazini. Aliacha shughuli zake, akaenda kupumzika Florida mahali penye jua na hewa safi, mpaka akapata nafuu.

Wafanyakazi wa viwandani hawakupata nafasi ya kwenda Florida. Katika Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Bayway jimboni New Jersey, watu waliotengeneza dawa hiyo walianza kuona vitu visivyokuwepo. Walipiga kelele, wakafungwa kwa nguvu wasijidhuru. Watano walikufa kwa siku chache, na makumi walilazwa. Katika viwanda vingine pia watu walikuwa wamekufa au walikufa baadaye, hata jumla ikapita kumi. Magazeti yaliandika habari hizo kila siku, na jiji la New York likapiga marufuku uuzaji wa esansi hiyo.

Mwishoni mwa mwezi ule Midgley alisimama mbele ya waandishi wa habari. Alinawa mikono kwa dawa ileile, kisha akaweka chupa puani akavuta mvuke wake kwa muda wa dakika moja hivi. Akawaambia kwamba angeweza kufanya hivyo kila siku bila kudhurika. Hakuwaambia kwamba mwaka uliotangulia yeye mwenyewe aliugua kwa dawa hiyo.

Mwaka 1925 mganga mkuu wa serikali ya Marekani aliita mkutano. Daktari Alice Hamilton wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwanamke aliyetumia maisha yake kuchunguza magonjwa ya wafanyakazi, alisema wazi kwamba risasi haifai kutawanywa barabarani. Wenye kampuni walijibu kwamba esansi hiyo ni zawadi kwa maendeleo, na kwamba anayeipinga ndiye alete uthibitisho. Kamati iliundwa, ikachunguza kwa miezi michache tu, na mwanzoni mwa 1926 ikaandika kwamba haioni sababu ya kutosha ya kuizuia. Ilishauri uchunguzi uendelee. Biashara ilirudi sokoni, na kwa miaka karibu 40 uchunguzi mwingi wa jambo hilo ulilipiwa na wenye biashara wenyewe.

Hewa ya baridi

Uvumbuzi wa pili ulikuja kwa njia tofauti. Frigo za miaka ya 1920 zilikuwa za kutisha. Hewa zilizotia baridi ndani yake zilikuwa za sumu, kama vile amonia na dioksidi ya salfa, na bomba likipasuka usiku jamaa nzima iliweza kufa. General Motors ilikuwa na kampuni ya frigo iitwayo Frigidaire, ile ambayo jina lake limekuwa jina la kila frigo kwa watu wengi wasemao Kifaransa. Mwaka 1928 Kettering alimwomba Midgley atafute hewa isiyo na sumu na isiyoshika moto.

Midgley alichukua tena jedwali lake la elementi. Pamoja na mwenzake Albert Henne, kwa siku chache tu, alifikia wazo ambalo wengi wangeliona la kichaa: kutumia florini, kitu kikali sana, lakini kikiwa kimefungwa pamoja na kaboni na klorini. Ili kuitengeneza walihitaji chumvi moja ya florini, wakapata chupa tano ndogo tu. Walichukua moja bila kuchagua, wakatengeneza hewa kidogo, wakamweka mnyama mdogo wa maabara ndani yake. Mnyama hakudhurika. Walipotumia chupa ya pili, mnyama alikufa. Walipochunguza waligundua kwamba chupa ile ya kwanza pekee ndiyo ilikuwa safi; zile nne zilikuwa na maji ndani yake, na maji hayo yalizaa hewa nyingine ya sumu. Midgley mwenyewe alikiri baadaye kwamba kama wangeanza na mojawapo ya zile nne, pengine wangeacha kazi ile siku ileile.

Mwaka 1930, mbele ya mkutano wa wanakemia, alivuta hewa hiyo mpya kwa mapafu yake, kisha akaipuliza polepole juu ya mshumaa uliowaka. Mshumaa ulizimika. Hakufa, na moto haukulipuka. Safari hii alichoonyesha kilikuwa kweli. Hewa hiyo, iliyouzwa kwa jina la Freon, haikumwua mtu jikoni mwake. Iliokoa maisha. Frigo ziliingia katika nyumba na hospitali, chakula hakikuoza, na dawa zilihifadhiwa. Hakuna mtu wakati ule aliyejua kwamba ina madhara yoyote, na hakuna aliyeficha neno.

Kitanda cha kamba

Heshima zilimfuata. Alipata medali kubwa za kemia za nchi yake, na mwaka 1944 akawa rais wa chama cha wanakemia wa Marekani, yeye ambaye hakusomea kemia. Alikuwa na haki za uvumbuzi zaidi ya 100. Waliomjua walimwona mtu mchangamfu, mwenye mawazo mengi, asiyechoka.

Lakini mwaka 1940, akiwa na miaka 51, alishikwa na polio. Miguu yake ilipooza. Alifanya alivyozoea kufanya mbele ya kila tatizo: akabuni mashine. Alitengeneza mfumo wa kamba na magurudumu madogo wa kumwinua kutoka kitandani. Tarehe 2 Novemba 1944, nyumbani kwake Worthington karibu na Columbus, alikutwa amekufa, amenyongwa na kamba zilezile. Alikuwa na miaka 55. Watu waliambiwa kwamba ni ajali, ila afisa aliyechunguza kifo aliandika kwamba alijiua. Kuna wanaopenda kusimulia kifo hiki kwa kucheka, kama adhabu iliyomfaa. Sisi hatutafanya hivyo. Mtu aliyepooza na mwenye maumivu alikufa peke yake chumbani. Tunamhurumia yeye, na Carrie aliyebaki mjane.

Kilichokuja baadaye

Midgley alikufa bila kuona mwisho wa kazi yake.

Mwanasayansi Clair Patterson, aliyekuwa akipima umri wa mawe, alikuta kila kipimo chake kimechafuliwa na risasi. Alifuatilia ilikotoka: hewani, baharini, hata ndani ya barafu ya mbali ambako hakuna gari. Mwaka 1965 alitangaza kwamba watu wa zama zetu wanabeba mwilini risasi nyingi kuliko wazee wa kale, na chanzo kimojawapo kikubwa ni esansi. Wenye biashara ya mafuta waliacha kumsaidia fedha, lakini hakunyamaza. Tunajua sasa kwamba risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, na kwamba haiozi. Ikianguka katika udongo wa kando ya barabara, inabaki pale. Marekani ilimaliza kuitumia katika magari ya barabarani mwaka 1996. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001, na mwanzoni mwa 2006 zikawa zimeacha. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwezi wa saba 2021. Ndiyo kusema, karibu miaka 100 ilipita kutoka siku ile ya Dayton.

Habari ya Freon ilikwenda kwa kasi zaidi. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba hewa ile isiyodhuru kitu huku chini hupanda juu sana, na huko jua kali huipasua na kuitoa klorini, nayo klorini hula ozoni. Tabaka la ozoni ndilo linalotukinga na ule mwanga mkali wa jua unaoleta saratani ya ngozi na upofu. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima anga la Antaktika walitangaza kwamba ozoni ya huko imepungua mno. Miaka miwili tu baadaye, tarehe 16 Septemba 1987, mataifa yalitia sahihi mkataba wa Montreal, na leo kila nchi ya dunia imeuingia, Kongo yetu ikiwemo. Mwaka 2016 uliongezewa sehemu mpya karibu nasi, mjini Kigali, ili kupunguza pia hewa zilizochukua nafasi ya zile za kwanza, kwa kuwa nazo huongeza joto la dunia. Wataalamu wanatazamia kwamba ozoni itarudi sehemu nyingi za dunia kama ilivyokuwa mwaka 1980 kufikia miaka ya 2040 hivi, na Antaktika baadaye.

Makosa mawili yasiyolingana

Watu huyataja mavumbuzi haya mawili kwa pumzi moja, kana kwamba ni kosa lilelile. Sisi tunaona si sawa.

Kuhusu hewa ya frigo, Midgley hakujua, na hakuwa na namna ya kujua. Alitafuta kuokoa watu, akawaokoa, na madhara yakajitokeza mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama. Kosa la namna hiyo linaweza kumpata yeyote kati yetu, hata anayefanya kazi kwa moyo safi. Dawa yake ni kuendelea kutazama, na kukubali mapema tunapoonyeshwa. Mataifa yalikubali, na mbingu zinapona.

Kuhusu risasi, mambo ni mengine. Alionywa. Aliugua. Aliona wenzake wakizikwa. Kisha akasimama mbele ya watu, akanawa mikono kwa sumu, akasema ni salama. Pengine alijidanganya mwenyewe kwanza. Mtu aliyefanya kazi kwa jambo fulani miaka mitano huliona zuri hata likimla. Lakini neno lile la dakika moja lilisaidia kufunga mlango ambao Alice Hamilton na wengine walikuwa wameufungua, na watoto wa vizazi vitatu wakavuta moshi ule. Kosa hili haliponywi na elimu zaidi, maana elimu alikuwa nayo. Lilihitaji tu aseme aliyoyajua.

Nasi tuna mikutano yetu ambamo tunaulizwa kama jambo ni salama: maji ya kisima kilicho karibu na mgodi, dawa iliyopita muda wake, jengo la kanisa lenye ufa. Wakati mwingine anayejua ukweli ni mmoja tu, naye ndiye mwenye hasara akisema.

Tukirudi katika mazishi yale ya Ohio, Kettering alisema kweli kuliko alivyofahamu. Tunaacha nyuma mengi. Midgley aliacha chakula kisichooza na risasi isiyooza. Na waliokuja baada yake, Patterson na Hamilton, Molina na Rowland, na wajumbe wengi wa Dakar, Montreal na Kigali ambao majina yao hatuyajui, nao waliacha kitu: hewa iliyo safi kidogo kuliko waliyoikuta. Mungu atujalie ujasiri wa kusema tunayoyajua wakati bado yanaweza kusaidia.